Kiraka cha Bluu

Mgeni alibisha hodi wakati ambao hakuna mtu mwenye akili timamu angemsogelea Mama Viraka. Kisu kipana kilikuwa kimekaa kwenye jiko la mkaa mpaka ncha imekuwa nyekundu, beseni la jirani lilikuwa limebanwa katikati ya magoti yake, na mdomoni alikuwa ameuma utepe wa plastiki kama mshonaji anavyouma uzi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, ila usinisalimie kwanza," alijibu bila kufungua meno. "Nikiitikia sasa hivi, beseni la watu linageuka chujio."

Mgeni akasimama pale pale. Alikuwa msichana wa miaka kama ishirini na minne, mwenye begi kubwa mgongoni, kitambulisho shingoni na buti za mpira zilizomzidi miguu. Alitazama kisu kikipita juu ya ufa, plastiki ya beseni na ya utepe zikilainika pamoja na kushikana, moshi mwembamba ukipanda. Mama Viraka akachota maji kwa kikombe na kuyamwaga juu ya kiraka, kikalia chwii, akalipindua beseni na kulipiga kofi mgongoni.

"Haya, sasa nisalimie."

"Habari za hapa, mama?"

"Nzuri, mwanangu. Kama una ndoo iliyopasuka itoe. Kama unauza sabuni, tunayo."

Msichana akacheka. "Sina ndoo wala sabuni. Natafuta nyumba yenye mashua ya njano ya plastiki. Natoka kiwandani, kule zinakotengenezwa. Nimekuja kuipima."

Kisu kilimponyoka Mama Viraka, kikatua kwenye ndoo ya maji na kufoka kama paka aliyekanyagwa mkia. Barazani, mzee aliyekuwa akilainisha mguu wa kigoda kwa randa aliacha kazi. Hakuinua macho. Aliacha tu.

Huyo alikuwa baba mkwe wake. Ufukweni wote walimwita Mzee Randa, kwa kuwa kwa miaka arobaini alijenga mashua za mbao, na nusu ya zile zilizokuwa zimelala pale kwenye mchanga zilitoka mikononi mwake. Mwanawe aliponunua ya plastiki, mzee aliizunguka mara tatu, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, kisha akatoa hukumu: "Mbao husema kabla haijavunjika. Hii itanyamaza mpaka ikuzamishe. Hili ni beseni lenye pua." Akala kiapo kwamba hatalikalia.

"Baba Watoto!" Mama Viraka aliita, na sauti ikapanda kuliko alivyokusudia. "Njoo, tuna mgeni!"

Mumewe alitoka ndani na wavu begani, sindano ya kushonea nyavu ikining'inia kwenye uzi. Aliposikia neno kiwanda alisimama wima. Aliposikia neno dhamana, uso wake ukang'aa.

"Ile miaka mitatu haijaisha bado?"

"Inaisha mwisho wa mwezi huu, kaka. Ndiyo maana nimetumwa. Tunataka kujua zinavyodumu kwenye maji ya kina kifupi kama haya. Ikikutwa imeharibika yenyewe, mnaletewa mpya."

"Imeharibika!" alisema kwa furaha ya mtu anayetangaza mtoto kazaliwa. "Imeharibika vizuri kabisa! Njoo uone mwenyewe."

Akamtangulia mgeni kwenda nyuma ya nyumba. Mama Viraka na baba mkwe wake wakabaki wanatazamana, kisha kila mmoja akatazama pembeni.

*

Mashua ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya turubai kuukuu lililofungwa kati ya ukuta na nguzo mbili. Njano yake ilikuwa imepauka upande unaopigwa na jua, na tumboni ilikuwa imekwanguka kwa mistari mirefu. Msichana alivua begi, akatoa kifaa kidogo kama redio, akajilaza chali mchangani bila kujali nguo zake na kuingia chini ya mashua. Kifaa kikaanza kulia tii, tii, kila kilipoguswa kwenye plastiki.

"Mnaiburuta?" sauti yake ilitokea chini.

"Tunaiburuta kila siku," mume alijibu, amechuchumaa kando yake kama mgonjwa anayesubiri majibu. "Maji yakikupwa, huku kwetu yanabaki chini ya goti, na chini ni mawe na kombe za chaza tupu. Mashua za mbao zinaacha ngozi zao huko. Hii inateleza kama sabuni."

"Miaka yote mitatu?"

"Sikupumzika ila siku za msiba."

"Imeisha unene wa kucha tu. Safi sana." Akakwangua chembe kwa ukucha, akainusa. Mama Viraka, aliyekuwa amesimama mbali kidogo na mikono imefungwa kifuani, akajikuta anampenda. Watu wanaonusa kitu kabla ya kukiandika hawakuwa wengi.

Kifaa kikalia, kikalia, kisha kikakohoa.

"Na hii ni nini?"

Hapakuwa na haja ya kuuliza. Kiraka kilikuwa cha bluu, ukubwa wa sahani, karibu na mkuku, ule uti wa chini wa mashua, kimekaa kwenye tumbo la njano kama kiraka cha makalio ya suruali ya shule. Ufukweni hakuna aliyepita bila kukitania.

"Hapo sasa! Ndipo penyewe!" mume alisema. "Ilijitoboa. Mimi nilikuwa nimesafiri siku tatu kutafuta nyavu. Narudi, mke wangu ananiambia kuna mahali palilegea, amepaziba. Fikiria, dada, ilitoboka imekaa! Hata majini haikuwamo. Tangu siku hiyo sithubutu kwenda fungu la mchanga la nje, na huko ndiko waliko samaki. Nazunguka hapa hapa karibu kama bata. Nampenda mke wangu, lakini sitaki kufa ndani ya kazi yake."

Ule wa mwisho ulikuwa utani wake wa kila siku. Aliusema ufukweni, akausema dukani, watu wakacheka, na Mama Viraka naye alicheka kila mara, maana mwanamke asiyecheka anaonekana ameumia. Aliweza kuziba ndoo za mtaa mzima. Kiraka kimoja tu ndicho kilichotiliwa shaka, nacho kilikuwa cha nyumbani kwake.

Msichana alitoka chini ya mashua, akakaa, akafungua daftari juu ya goti. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kutoboka imekaa tu ni jambo zito, kaka. Maana yake plastiki yetu haiwezi jua la hapa. Nikiandika hivyo, ninyi mnaletewa mpya kabla ya mwezi kuisha. Ila kiwanda kitasimamisha kuleta nyingine upande huu mpaka sababu ipatikane. Inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuchukua miwili. Na hapa ufukweni kuna watu kumi na mmoja wameshajiandikisha kuzinunua." Akamgeukia Mama Viraka. "Mama, wewe ndiye uliyeliona tundu kwanza. Ilikuwaje?"

Mama Viraka aliitazama kona ya nyumba.

Ilikuwa hivi. Asubuhi ile alirudi kutoka sokoni akakuta mashua ya njano imeinuliwa juu ya magogo mawili, na chini yake nyasi kavu zinawaka. Ndivyo mashua za mbao zinavyofukizwa kila msimu ili wadudu wanaotafuna mbao wafe. Mzee Randa alikuwa amefanya kazi hiyo miaka arobaini. Alilitukana beseni la mwanawe kila siku, lakini hakuweza kuliona linakaribia kumaliza mwaka wa tatu bila kuhudumiwa, na siku mwanawe alipokuwa safarini alichota makaa kwenye jiko la mkwewe, akawasha. Mikono ilitangulia, kichwa kikafuata kikiwa kimechelewa. Mama Viraka alimkuta anauzima moto kwa kofia yake, na tumbo la mashua linadondoka matone kama mshumaa.

"Mwanangu, wasijue," mzee alimwambia, ukingo wa kofia ukiwa bado unafuka. "Wavuvi hawa wote mimi ndiye niliyewafundisha mashua."

"Kinywani mwangu halitatoka, Baba."

Siku ile ile alikata sehemu yote iliyoungua, akakata kipande cha pipa la bluu, akakaa na kisu cha moto mpaka jua likaegemea upande wa pili. Mzee alimshikia kipande kisicheze. Walipomaliza, naye akaahidi, bila kuombwa: kiraka kikitimiza safari mia bila kuvuja, atapanda mwenyewe, mchana kweupe, aende na kurudi.

Sasa ahadi ya Mama Viraka ilikuwa imesimama mbele yake na daftari mkononi.

"Moto," Mama Viraka alisema.

"Moto?" mumewe akauliza.

"Plastiki yenu haina kosa, dada. Jua halikufanya kitu. Iliunguzwa na moto, na moto wenyewe ulitoka kwenye jiko langu."

Msichana aliinua kalamu. "Mama, moto haumo kwenye dhamana."

"Nilikisoma cheti siku kilipokuja. Mstari wa tano."

"Hamtaletewa mpya."

"Nimekusikia. Andika moto. Ukitaka jina, andika langu."

Kalamu ikatembea. Waliisikia ikikwaruza karatasi.

"Miezi yote hii!" Mume alikuwa amesimama, wavu umeanguka mchangani. "Miezi yote hii unaniambia palilegea! Palilegea! Kumbe umeniunguzia mashua! Unashinda na moto mikononi tangu asubuhi mpaka jioni, hujawahi kuunguza hata kanga, ukaona mashua yangu ndiyo ya kujifunzia?"

"Baba Watoto, tuna mgeni."

"Mgeni ameshaandika! Mashua mpya ilikuwa mlangoni, umeifukuza kwa mdomo wako mwenyewe!" Sauti yake ilivuka ukuta. Upande wa pili, mtu aliyekuwa akifagia aliacha kufagia.

Jibu Mama Viraka alikuwa nalo. Lilikuwa katikati ya meno kama ule utepe wa plastiki, na kufungua mdomo kidogo tu kungetosha. Akaliuma.

Kwenye kona ya nyumba alikuwa amesimama Mzee Randa, randa bado mkononi, penseli sikioni.

"Mwanangu," alianza, "huyu mkeo... mimi..."

"Baba, chai yako inapoa," Mama Viraka alimkata.

"Sijapewa chai."

"Basi nitakuletea ipoe."

*

Msichana wa kiwandani hakuondoka. Alichukua bisibisi, akarudi chini ya mashua, akajaribu kukibandua kile kiraka. Alisukuma, akavuta, akaegemea kwa kifua. Ncha ya bisibisi ikapinda.

"Kiwandani tunawaambia watu haizibiki," alisema, anahema. "Gundi zote tumejaribu. Zote zinabanduka."

"Plastiki haitaki gundi," Mama Viraka alisema. Aliona afadhali kuzungumzia kazi kuliko kuutazama mgongo wa mumewe, aliyekuwa amekwenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anautazama ukuta. "Inataka ndugu yake. Njoo nikuonyeshe."

Akakata chembe tatu: ya mashua, ya pipa la bluu, ya beseni gumu lililopasuka. Akazichoma moja moja kwenye makaa na kumpa msichana anuse.

"Mshumaa," msichana alisema kwa ya kwanza. "Mshumaa tena," kwa ya pili. Kwa ya tatu akakunja pua na kukohoa.

"Umeona? Hizo mbili mama mmoja, baba mmoja. Ukizipasha zinashikana mpaka zinasahau zilikuwa mbili. Hiyo ya tatu hata uichome mpaka kesho, ikipoa inajitenga. Watu wanakosea hapo tu. Wanatazama rangi."

"Na ilipoungua ulifanyaje?"

"Yote iliyoungua nilitupa. Ikishaungua imekufa, haishiki kitu. Kisha ukingo niliuchonga mshazari, ndani na nje, kiraka kipate pa kushika." Akatazama barazani. "Wa kunishikia nilikuwa naye."

Msichana aliandika kurasa mbili. Alipofunga daftari alisema, "Dhamana imekwisha, hilo siwezi kulibadilisha. Lakini nataka kukiona kiraka hiki majini, na mzigo kamili, juu ya hayo mawe na kombe. Kilo mia mbili na hamsini."

"Tutie mawe," mume alisema bila kugeuka.

"Mawe yanatulia, kaka. Nataka watu. Watu wanajikuna, wanageuka, wanaogopa. Ndivyo mashua inavyopimwa." Akawatazama, akajumlisha kwa macho. "Mimi hamsini. Wewe sabini. Mama..."

"Mimi niandike unavyoniona," Mama Viraka alisema.

"Hata hivyo hatufiki mia mbili. Anahitajika mtu mmoja zaidi."

Kule barazani Mzee Randa aliweka randa chini. Alikwenda kwenye mwimo wa mlango, ambako kulikuwa na mistari mifupi ya penseli, imepangwa mitano mitano, kutoka usawa wa goti mpaka usawa wa bega. Kila mara mashua ya mwanawe iliporudi kavu, alipiga mstari mmoja mwenyewe. Alipofika mia, siku kumi na mbili zilizopita, alianza kuumwa goti. Kisha kukawa na upepo. Kisha kamba ya kandambili ikakatika, na mtu hawezi kupanda chombo peku, alisema, ingawa maisha yake yote alipanda peku.

Alipitisha kidole juu ya mistari yote, taratibu, kana kwamba huenda amekosea na iko tisini.

"Mia moja na kumi na mbili," alisema.

"Baba," mkwewe alimwambia kwa sauti ya chini, "goti lako?"

"Limepona."

"Limepona lini?"

"Sasa hivi. Niletee shati safi."

*

Saa hizo ufuko ulikuwa umejaa watu, maana mashua za asubuhi zilikuwa zimerudi na wachuuzi walikuwa wanachagua samaki kwenye mabeseni, matatu kati yake yakiwa na viraka vya Mama Viraka. Waliitelezesha mashua ya njano mpaka majini. Mume alishika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, na hakumtazama mkewe. Msichana alipanda na buti zake. Mama Viraka akapanda. Halafu Mzee Randa, na shati lililopigwa pasi, na kofia yake yenye ukingo ulioungua, akakunja suruali, akainua mguu wa kwanza.

Ufuko mzima ukageuka. Kisha ukalipuka.

"Jamani! Mzee Randa anapanda beseni!"

"Mzee, sabuni umechukua? Dodoki je?"

"Mshikeni, labda amepotea njia!"

Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa mvuvi mmoja mnene waliyemwita Kapteni, ingawa mashua yake haikuwa na mtu wa kumwamuru isipokuwa yeye. "Mzee, si ulituapia? Si ulisema utakufa kwanza?"

"Nilisema mengi," mzee alijibu. Akainua mguu wa pili, akaiacha mashua itikisike, akatafuta kile kiraka cha bluu na kukikalia. Masikio yake yalikuwa yamewiva.

Kapteni hakuwa amemaliza. Kelele za nyuma ya nyumba zilikuwa zimeshatembea mtaa mzima na kufika ufukweni kabla ya mashua. "Na wewe, Mama Viraka! Tunasikia umeichoma mashua ya mumeo kwa mkono wako! Kesho unachoma nini, nyumba?"

"Mume mwenyewe!" mchuuzi mmoja akadakia, na vicheko vikaenda vikirudi kama wimbi.

Mama Viraka alicheka nao. Aliweza. Alitazama vidole vya miguu yake na kucheka mpaka wengine walipopunguza, kisha akatazama maji.

Mzee Randa alisimama.

"Mzee, kaa, tafadhali," msichana akasema, ameshika kingo kwa mikono miwili. "Usisimame."

Mzee alivua kofia. "Kapteni. Mashua yako nani aliijenga?"

"Wewe, Mzee."

"Na ile ya kijani?"

"Wewe."

"Na hii hapa, na ile iliyolala ubavu?"

"Wewe, Mzee, wewe. Sasa unataka tukulipe tena?"

"Basi msikilizeni aliyewajengea. Moto ule niliuwasha mimi. Magogo mawili na nyasi kavu, kama nilivyowafundisha ninyi. Mwanangu alikuwa safarini, nikaifukiza mashua yake ya plastiki ili niue wadudu wa mbao."

Upondo ulikuwa umesimama mkononi mwa mwanawe.

"Wadudu wa mbao," mchuuzi yule aliuliza polepole, "kwenye plastiki?"

"Hata mmoja sikumwona," mzee alisema.

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Kapteni alijishika tumbo mpaka akakaa mchangani. Lakini katikati yake mlikuwa na kicheko cha mzee mwenyewe, kikavu, cha mtu aliyekizuia muda mrefu, na hicho ndicho kilichowafanya wengine wafute macho na kumtazama upya.

"Mke wa mwanangu aliniahidi hatasema," mzee aliendelea walipotulia. "Hakusema. Leo mashua mpya imepita mbele ya macho yake, ametukanwa kwake na amechekwa kwenu, na bado hakusema. Kwa hiyo nasema mimi. Dada wa kiwandani, fungua daftari. Hapo kwenye jina, futa lake, andika langu."

Msichana alikwisha kulifungua. "Mzee, dhamana bado imekufa."

"Na izikwe. Mimi nataka jina tu."

Mume aligeuka. "Mama Watoto..."

"Sukuma mashua, Baba Watoto," mkewe alisema. "Maji yanakupwa."

"Lakini mimi nimekuambia maneno..."

"Umeniambia. Jioni utaniambia mengine. Sukuma."

*

Walikubaliana kwenda mpaka kwenye jiwe la kwanza linalochomoza majini, kisha kurudi. Walipofika kwenye jiwe la kwanza, mume hakugeuza. Alisimama kidogo, akatazama mbele ambako rangi ya maji ilibadilika juu ya fungu la nje, akatazama chini kwenye kipande cha bluu kilichojitokeza pembeni ya suruali ya baba yake. Kisha akazamisha upondo na kusukuma, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Mama Viraka alifungua mikono yake kifuani.

Maji yalipungua chini yao mpaka mchanga ukaonekana, halafu mawe, halafu kombe, nyeupe na kali, zimesimama kwa ncha.

"Hapa," msichana alisema.

Tumbo la mashua likaparamia. Walisikia mkwaruzo mrefu chini ya miguu yao, mashua ikainama, ikasita, uzito wa watu wanne ukakaa wote mahali pamoja. Mzee Randa alifumba macho. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika ukingo, wa pili umebana goti ambalo, ilionekana wazi, halikuwa limepona. Mume akasukuma kwa nguvu zake zote, na mashua ikateleza, ikavuka, ikaelea tena upande wa pili.

Mzee alijiinua polepole akapiga magoti, akaweka sikio kwenye plastiki kama alivyofanya siku ilipoletwa.

"Inasemaje, Baba?" Mama Viraka akauliza.

"Haisemi kitu." Akapapasa kiraka chote kwa kiganja, ukingo kwa ukingo, akaangalia kiganja kwenye jua, akawaonyesha. Kilikuwa kikavu. "Nakubali, haina la kusema."

Mume alikuwa anatazama majini. "Samaki hawa," alisema, "walikuwa hapa muda wote huu?"

"Walikuwa wanakusubiri uache kuwa bata," mkewe alisema, na msichana akacheka mpaka buti moja ikamtoka mguuni.

Mzee alichomoa penseli sikioni, akatafuta mahali ndani ya mashua pa kupiga mstari. Penseli iliteleza. Akajaribu tena, akabonyeza, ikaacha alama kama ya unywele, naye akaifuta kwa kidole kwa bahati mbaya.

"Hata penseli haiitaki!" alilalamika. "Kitu gani hiki? Haya, mwanangu, nikumbushe wewe tukifika. Mia moja na kumi na tatu."

"Mia na kumi na mbili, Baba. Hatujarudi bado. Na kama goti linakuuma, Baba Watoto anaweza kukushusha pale kwenye mchanga, tukupitie baadaye."

Mzee alilitazama fungu la mchanga. Lilikuwa karibu, tena kavu, tena hapakuwa na mtu wa kumcheka. Alirudisha penseli sikioni, akaukunja mguu mbaya kwa mikono miwili, akauma meno, akajiweka tena juu ya kiraka cha bluu.

"Nilisema kwenda na kurudi," alisema. "Sukuma, mwanangu."